Mawe 26 ya Rungwe na kompyuta ya GB 4

«Shikamoo Mwalimu. Niko mwaka wa nne, jiolojia. Nina sampuli 26 za mawe ya volkano nilizokusanya huku Rungwe, kuanzia mlima Kiejo hadi Ngozi, na maabara imenirudishia majibu kwenye faili la Excel. Msimamizi anataka mchoro wa TAS wa kulipa jiwe jina, mchoro wa buibui wa elementi zilizo kidogo, na ule wa kutambua mazingira ya kitektoniki. Programu wanayotumia wenzangu ni ya kulipia. Rafiki amenipa iliyovunjwa kufuli kwenye flashi, lakini laptopu yangu ina RAM ya GB 4 na inaganda. Nikatumia tovuti moja ya bure. Sampuli nne jumla ya asilimia zake haifiki 96, na nyingine tisa mchoro unasema ni za visiwa vya tao, yaani mahali bamba la bahari linapozama, wakati Rungwe iko kwenye bonde la ufa! Nizifute? Na je, ninunue programu au nijifunze R, ile lugha ya kodi ya bure? Nimebakiza wiki sita.»

Marahaba. Umeuliza kuhusu programu, lakini nikiisoma barua yako mara ya pili naona hofu yenyewe iko kwingine. Unaogopa kwamba mawe yako ni mabovu, au maabara imekosea, au umekosea wewe, na siku zinakwenda. Nianze na la kufuta, maana hilo haliwezi kusubiri: usifute sampuli hata moja. Sampuli inayokataa kukaa ulipoitarajia ina sababu, na kazi yako ya wiki ya kwanza ni kuitafuta sababu hiyo. Ile flashi nayo irudishe kwa mwenyewe. Acha habari ya sheria, programu iliyovunjwa kufuli mara nyingi huja na virusi, na siku ya kutetea tasnifu ukiulizwa umetumia toleo gani utabaki unaangalia dari.

Programu ya kuchora haijui jiwe. Ukiipa namba 43.3 kwenye safu ya SiO2, yaani silika, itaweka nukta kwenye 43.3, haitakuuliza kama jiwe lilikuwa bichi au limeoza kwa mvua za Tukuyu. Ndiyo maana programu ya bure na ya mamilioni zitakupa kosa lile lile ukizilisha jedwali lile lile.

Tuzitazame zile nne. Mwamba wa volkano ukipimwa, maabara huchukua unga wake, huuchoma kwenye tanuri kwenye joto la karibu nyuzi 1000 za Selsiasi, na kupima uzito uliopotea. Kilichopotea ni maji na kaboni dioksidi hasa. Uzito huo huandikwa kwa herufi LOI, mara nyingi kwenye safu ya mwisho kabisa, na tovuti nyingi za kuchorea haziujumlishi. Fungua faili lako sasa hivi utazame. Kama oksidi zimefika 94.0 na LOI ni 5.1, jumla yako ni 99.1 na maabara haina kosa. (Usishtuke ukiona LOI hasi kwenye basalti bichi. Chuma cha aina ya FeO kikichomwa huvuta oksijeni na kuwa Fe2O3, kwa hiyo unga unaweza kuongezeka uzito badala ya kupungua.)

Sasa angalia jinsi jambo hilo dogo linavyobadilisha jina la jiwe. Chukua sampuli yenye SiO2 43.3 na Na2O ukijumlisha na K2O 4.5. Ukiichora ilivyo kwenye TAS, inaangukia sehemu ya tefraiti na basanaiti, kwa kuwa SiO2 iko kati ya 41 na 45 na alkali (hizo Na2O na K2O) zimezidi 3. Lakini mchoro ule, uliowekwa na kamati ya muungano wa kimataifa wa wanajiolojia na kuchapishwa na Le Bas na wenzake mwaka 1986, unataka namba zilizopigwa upya hadi 100 bila maji wala kaboni dioksidi. Gawa kwa 0.940: SiO2 inakuwa 46.1 na alkali 4.8. Jiwe limevuka mpaka, sasa linaitwa basalti. Nukta mbili, majina mawili, jiwe moja.

Na hapo bado hujamaliza. Kamati hiyo hiyo ilisema mchoro ni wa mawe mabichi, yenye maji chini ya asilimia 2 na kaboni dioksidi chini ya 0.5. Jiwe lenye LOI ya 5.1 limeshaguswa na maji, na vitu vya kwanza kuhama na maji ni sodiamu na potasiamu, vitu hivyo hivyo TAS inavyovitegemea. Kwa hiyo hata hilo jina la basalti usiliapie. Kwa sampuli hizo nne tumia mchoro wa Zr/Ti dhidi ya Nb/Y (zirkoni, titani, niobi na itri), wa Winchester na Floyd wa 1977, uliorekebishwa na Pearce mwaka 1996. Elementi hizo nne hazihamihami kirahisi mwamba unapooza. Kwenye tasnifu weka michoro yote miwili, useme ni ipi unayoiamini na kwa nini.

Kabla ya hapo fanya jambo ambalo halihitaji kompyuta. Chukua kipande cha kila sampuli kati ya hizo nne, kivunje upate uso mpya, kisha dondosha tone la asidi ya haidrokloriki iliyozimuliwa hadi asilimia 10. Kikitoa povu kwenye vile vitundu vya gesi vilivyojaa kitu cheupe, hicho ni kalsaiti, na umeshajua LOI imetoka wapi na kwa nini CaO imepanda. Kisipotoa povu, na jiwe likawa na rangi ya udongo kwenye kingo, basi ni maji ndani ya madini ya mfinyanzi. Nimeona wanafunzi wakikesha siku tatu na grafu kwa swali ambalo tone moja la asidi lingelijibu mchana kweupe.

Chuma nacho kinahitaji neno. Mashine ya XRF, inayopima kwa eksirei, haitofautishi FeO na Fe2O3, kwa hiyo maabara nyingi huripoti chuma chote kama Fe2O3. Kwa TAS haina shida kubwa. Shida inakuja ukitaka kutofautisha tefraiti na basanaiti, maana kinachozitenganisha ni olivini ya hesabu: ikizidi asilimia 10 kwenye normu ya CIPW, hesabu inayogeuza kemia kuwa madini, ni basanaiti. Ukiiacha chuma yote ikiwa Fe2O3, hesabu inakosa FeO ya kutengenezea olivini, silika inabaki haina mwenza, na unaweza kuona kwazi (silika tupu) ikitokea ndani ya basalti ambayo kwa macho imejaa olivini. Zidisha Fe2O3 kwa 0.8998 upate chuma yote kama FeO, halafu igawe upya kwa uwiano uliopendekezwa na Middlemost mwaka 1989. Andika ulichofanya.

Sasa zile tisa, na hapa ndipo nataka utulie. Mchoro unaoutaja, ule wa pembetatu ya Ti, Zr na Y, ulitolewa na Pearce na Cann mwaka 1973. Waliutengeneza kwa ajili ya basalti peke yake, wakaweka sharti: CaO ukijumlisha na MgO iwe kati ya 12 na 20. Tovuti uliyotumia haikukuuliza sharti hilo, ikachora yote 26. Wewe umetembea kutoka Kiejo hadi Ngozi. Njiani umeokota basalti na basanaiti, lakini pia trakaiti na fonolaiti, mawe ya magma iliyokwisha kubadilika, ambazo CaO na MgO zake pamoja mara nyingi hazifiki hata 6.

Kwa nini trakaiti iangukie kwenye tao? Magma ikipoa, fuwele za magnetaiti yenye titani hujitenga na kuzama. Zinachukua Ti, zinaiacha Zr iendelee kupanda. Kadiri magma inavyobadilika ndivyo nukta yako inavyoikimbia kona ya Ti, na ikikimbia inapita kwenye visanduku vilivyochorewa mawe mengine kabisa. Nukta imehamishwa na magnetaiti, bamba la bahari halihusiki. Weka safu mpya kwenye Excel, jumlisha CaO na MgO, kisha chuja. Nakisia nyingi kati ya tisa zitaondoka hapo.

Zikibaki mbili au tatu ambazo ni basalti kweli na bado zinaonekana za tao, usikimbilie kusema mchoro ni mbovu. Magma inayopanda chini ya Rungwe inapita kwenye mwamba wa kale sana. Kwenye ukanda wa Usagara kuna eklojaiti, miamba iliyobanwa kwenye kina kirefu, za takriban miaka bilioni 2, ushahidi kwamba mabamba yalizama upande huu wa Afrika zama hizo, na ukanda wa Ubende unazo za kwake. Magma ikiyeyusha au kugusa miamba ya namna hiyo inaweza kurithi upungufu wa Nb na Ta (niobi na tantali), alama ya mawe ya tao, bila kuwepo bamba linalozama leo. Mchoro wa kitektoniki unasoma kemia, hausomi tarehe. Hilo likithibitika kwenye sampuli zako, ndilo litakuwa jambo zuri kuliko yote katika tasnifu yako, na ulitaka kulifuta.

Haya, programu. Usinunue kitu.

Kwa wiki sita na laptopu yako, ninakushauri GCDkit. Waliianzisha Vojtěch Janoušek, Colin Farrow na Vojtěch Erban, wakaitangaza kwenye jarida la petrolojia mwaka 2006. Ni bure, inakaa juu ya R lakini ina menyu za kubofya, kwa hiyo huhitaji kujua kuandika kodi ili uanze. TAS imo, Harker (oksidi dhidi ya SiO2) imo, buibui imo, normu ya CIPW imo, na michoro ya kitektoniki imo kwa wingi. GB 4 zinaitosha, maana jedwali lako lina mistari 26, si milioni. Ukishapakua hutumii tena bando. Ina kero mbili. Imeandikiwa Windows, na kila toleo lake linadai toleo mahususi la R. Ukipakua R mpya kabisa kwa kudhani mpya ndiyo bora, itagoma, nawe utadhani kompyuta ni mbovu. Soma kwanza kwenye ukurasa wao wanataka R ipi.

Kama una moyo wa kuandika kodi kuna pyrolite, maktaba ya Python iliyoanzishwa na Morgan Williams. Inachora vizuri sana, na inakulazimisha uandike kila hatua, jambo ambalo mtahini makini hulipenda. Unaweza kuiendesha kwenye kivinjari bila kusakinisha chochote, lakini hapo kila kitu kinategemea mtandao, na ukikatika kazi inasimama. Kwa wiki sita siishauri. Kwa shahada ya pili, anza nayo mapema.

Excel yenyewe usiidharau, ila ichunge. Mwaka mmoja nilipanga sampuli kwa kufuata SiO2, nikasahau kuchagua safu zote. SiO2 ikajipanga, Nb ikabaki ilipokuwa, na kila jiwe likapewa Nb ya jirani yake. Nilitafsiri grafu hiyo kwa wiki mbili, kwa maneno mazito kabisa. Tangu siku hiyo faili la maabara nalihifadhi bila kuligusa na kufanyia kazi nakala. Angalia pia seli zenye alama kama «<5». Maana yake kipimo hakikufika kiwango ambacho mashine inaweza kuona. Programu moja itaisoma kama maandishi, nyingine itaifanya sifuri, na sifuri kwenye mchoro wa buibui wenye mizani ya logi haichoreki. Iache wazi, na useme umeiacha wazi.

Kuhusu buibui, chagua namba za kugawia za mtunzi mmoja ukae nazo. Tunagawa kwa sababu elementi zenye namba ya atomu shufwa ni nyingi kuliko jirani zake witiri, hivyo bila kugawa, mstari wa elementi adimu unapanda na kushuka kama meno ya msumeno. Ukigawa kwa kondraiti, aina ya kimondo cha kale, meno yanaondoka. Tatizo ni kwamba watunzi hawalingani. Jiwe lenye Nb sehemu 80 kwa milioni linakuwa mara 112 ya joho asilia (tabaka lililo chini ya ganda la dunia, lilivyokuwa mwanzo) ukitumia Sun na McDonough wa 1989, na mara 122 ukitumia McDonough na Sun wa 1995. Majina yale yale, miaka tofauti, namba tofauti. Ukiweka mstari wako juu ya mstari wa mtu mwingine, hakikisha mmegawa kwa namba moja.

Mtu wa kulinganisha naye utampata bure. Hifadhidata ya GEOROC ilianzia Mainz na sasa inatunzwa Göttingen, Ujerumani. Imekusanya vipimo vya miamba ya volkano kutoka machapisho ya dunia nzima, na mfumo wa ufa wa Afrika Mashariki umo. Lango la EarthChem linatafuta humo na kwenye hifadhidata nyingine kwa pamoja. Pakua usiku bando likiwa rahisi, chuja ubakize Rungwe, halafu weka nukta zao kwa kijivu na zako kwa rangi. Kila mstari unaonyesha ulitoka kwenye chapisho gani. Mtaje mwenye data, si hifadhidata tu. Na utazame mwaka na njia ya kipimo, kwa maana Nb ya miaka ya sabini si ya kuwekwa bega kwa bega na ya leo bila swali.

Huenda mtu akakuambia bila MELTS kazi yako haijakamilika. Ni programu nzuri, nayo ni bure. Ghiorso na Sack waliitangaza mwaka 1995, na inakokotoa ni fuwele zipi zitatokea magma ikipoa. Lakini imefunzwa kwa majaribio ya aina fulani za magma, na wenyewe wanakiri haifai pale hornblende au biotaiti zinapotawala. Mtu akiipeleka Ol Doinyo Lengai, kwenye lava ya kaboneti ya sodiamu inayotoka kwenye nyuzi 500 hadi 600 na karibu haina silika, atapata upuuzi, maana hata TAS haina mahali pa kuliweka jiwe hilo. Kwa tasnifu ya shahada ya kwanza anza na hesabu hii, inayoingia kwenye seli moja.

Tuseme magma ina nikeli 200 na zirkoni 200, zote sehemu kwa milioni, na asilimia 10 yake imegeuka olivini na kuzama. Olivini inaipenda nikeli. Tuseme inaichukua mara 10 kuliko magma. Zirkoni haiitaki kabisa. Nikeli iliyobaki ni =200*0.9^9, yaani kama 77. Zirkoni ni =200/0.9, yaani 222. Asilimia 10 tu ya fuwele, na nikeli imepoteza zaidi ya nusu huku zirkoni ikisogea kidogo sana. Sasa rudi kwenye basalti zako. Ukiona nikeli inaporomoka na zirkoni karibu imesimama, unajua olivini imeondoka. Ukiona zirkoni imeongezeka mara tatu kati ya basalti na trakaiti, basi theluthi mbili ya magma, au zaidi, ilishageuka fuwele. Ukishaielewa hesabu hiyo kwa mkono, MELTS itakuwa chombo chako badala ya kuwa mganga wako.

Nimesahau macho. Kama chuo chenu foleni ya darubini ni ndefu, Chuo Kikuu Huria cha Uingereza kina darubini ya mtandaoni yenye vipande vyembamba vya mawe, vile vya unene wa milimita 0.03. Unavizungusha kwenye skrini na kuona rangi zikibadilika kama ungekuwa umekaa mezani. Jifunze humo sura ya olivini, nefelini na sanidini, kisha ukifika zamu yako ya darubini hutapoteza saa nzima ukiuliza hiki ni nini. Haichukui nafasi ya vipande vyako, lakini.

Yapo mambo ambayo mimi, kwa maandishi haya, siwezi kuyamaliza. Ukijumlisha LOI na bado jumla haifiki 98, rudi maabara na sampuli mkononi. Waombe matokeo ya mawe ya rejea (yale ambayo kemia yake inajulikana) waliyopima siku hiyo. Kama walitumia BHVO-2, basalti ya Hawaii, Zr yake inatakiwa iwe karibu na 172. Ikiwa wamepata 120, tatizo si lako. Uliza pia unga uliyeyushwaje, kwa sababu asidi peke yake inaweza kushindwa kuyeyusha punje za madini yaitwayo zircon kwenye trakaiti, na Zr na Hf zikashuka kwa uongo. Na uliza ulisagwa kwa kinu cha nini. Kinu cha tangsteni kabaidi huacha tangsteni na kobalti, na hata tantali kidogo, ndani ya unga wako. Maswali hayo yaulizwe ana kwa ana, kwa heshima, ukiwa na jedwali lililochapishwa. Kama uko Dodoma, Taasisi ya Jiolojia na Utafiti wa Madini iko hapo hapo na ina maabara, na Dar es Salaam kuna kituo cha Afrika cha madini na jiosayansi pale Kunduchi. Wataalamu wa huko wamezoea maswali haya kuliko unavyodhani.

Msimamizi wako naye mwone wiki hii, usisubiri uwe na grafu nzuri. Mpelekee zile tisa kama zilivyo, pamoja na safu yako ya CaO na MgO, na vile vipande vinne ulivyodondoshea asidi. Vipande vifunge kwenye mifuko na uandike namba kwa kalamu isiyofutika, maana asidi hula wino wa kawaida.